Somo la Hesabu: Mzunguko wa Shamba na Eneo Lake

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu yake.

Katika somo lililopita tulijifunza kuzidisha. Pengine wengine wenu walijiuliza, "Hesabu hizi zitanifaa nini mimi mtu mzima?" Leo mtaona faida yake, maana tutakwenda nazo shambani.

Sikilizeni habari hii. Mkulima mmoja anataka kukodi shamba la eka moja kwa msimu mmoja. Bei ni shilingi 49,000. Mwenye shamba anamwambia, "Eka ni hatua 70 kila upande. Pande nne ni hatua 280. Haya, tulizunguke tuhesabu." Wanazunguka, wanapata hatua 280 barabara. Mkulima anatoa fedha. Je, amepata eka nzima?

Msijibu upesi. Mwalimu wa darasa, tafadhali chora ubaoni mashamba matatu yenye pembe nne zilizo sawa:

Shamba A: urefu hatua 70, upana hatua 70.
Shamba B: urefu hatua 100, upana hatua 40.
Shamba C: urefu hatua 120, upana hatua 20.

Sasa jumlisheni pande nne za kila shamba.

(Nafasi ya kufanya hesabu.)

Mmepata ngapi? Yote matatu ni 280. Huo ndio mzunguko. Lakini mahindi hayapandwi juu ya mpaka; hupandwa ndani. Ukubwa wa ndani huitwa eneo, nao hupatikana kwa kuzidisha urefu kwa upana. Jibu ni hatua za mraba, yaani vipande vya ardhi vyenye hatua moja kila upande. Haya, zidisheni.

(Nafasi ya kufanya hesabu.)

A: 70 × 70 = 4,900
B: 100 × 40 = 4,000
C: 120 × 20 = 2,400

Mmeona? Mzunguko ni mmoja, lakini shamba C halifiki hata nusu ya shamba A!

Shamba la mkulima wetu lilikuwa B. Amepungukiwa hatua za mraba 900. Shilingi 49,000 ukizigawanya kwa 4,900, kila hatua ya mraba ni shilingi 10. Basi 900 × 10 ni shilingi 9,000. Fedha hizo amelipia ardhi ambayo haipo. Huenda mwenye shamba hakukusudia kumdanganya. Huenda wote wawili hawakujua. Lakini kutojua hakurudishi fedha. Na akinunua mbegu na mbolea ya eka nzima, nazo zitazidi.

Sasa neno moja juu ya hatua. Eka kamili ni yadi za mraba 4,840, au karibu mita za mraba 4,047. Ndiyo sababu hatua 70 kwa 70 hukaribia sana eka, mradi kila hatua iwe karibu yadi moja. Watu hawana miguu sawa, kwa hiyo jipimeni kwanza. Nyosheni chini kamba ya mita 10, kisha tembeeni kando yake. Ukiimaliza kwa hatua 11, hatua yako inafaa. Ukiimaliza kwa hatua 13, hatua zako ni fupi; zirefushe. Na siku ya kulipa fedha nyingi, tumieni utepe wa kupimia, msitegemee miguu.

Kazi ya nyumbani:
1. Shamba lina urefu wa hatua 105 na upana wa hatua 70. Ni eka ngapi?
2. Pimeni shamba lenu wenyewe, mwandike eneo lake katika daftari.

Jibu la swali la kwanza ni eka moja na nusu. Asiyepata hivyo asione haya. Arudie pole pole pamoja na mwenzake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.