Toyota Harrier: Kuna Nini Chini ya Bodi?

Ukilala chali chini ya Toyota Harrier ya mwaka 2004 na kutazama juu, utakachokiona ni Camry. Hazipo zile nguzo mbili nene za chesisi zinazopita chini ya Land Cruiser kutoka mbele hadi nyuma. Hapa bodi na chesisi ni kitu kimoja, na injini imelazwa kwa upana. Gari hili, ambalo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala huhesabiwa kuwa la mtu aliyejipanga, lilijengwa makusudi juu ya saluni, na huko ndiko uzuri wake unakotoka.

Februari 1997 Toyota ilionyesha gari la mfano mjini Chicago kwa jina la chapa yake ya kifahari, Lexus. Desemba mwaka huohuo Harrier ikaanza kuuzwa Japani, na mwaka 1998 Wamarekani wakalipata gari hilohilo likiitwa Lexus RX 300. Wakati ule, aliyetaka kukaa juu na kuona mbali mara nyingi alilazimika kuvumilia mtikisiko wa gari la mizigo. Harrier ilimpa kiti cha juu na mwendo wa saluni kwa pamoja.

Kizazi cha pili kilitoka mwaka 2003, nacho ndicho Watanzania walichokibandika jina la Tako la Nyani kwa umbo la nyuma yake. Kilikuja na injini ya lita 2.4 yenye silinda nne na nguvu za farasi 160, na ya lita 3.0 yenye silinda sita na nguvu 220. Mwaka 2006 ikaongezwa ya lita 3.5, nguvu 280. Namba hizo hazina maana mpaka uzigawe kwa uzito. Gari la lita 2.4 lina kama tani 1.6, kwa hiyo kila tani inasukumwa na farasi wapatao 100. Ile ya 3.5, ambayo ni nzito kidogo, inapata wapatao 160. Tofauti hiyo utaisikia mguuni unapotaka kulipita lori mlimani. Kwenye foleni hutaisikia kabisa, ila sheli utaiona.

Gharama ya silinda sita haiishii kwenye mafuta. Plagi tatu kati ya sita zimejificha upande wa ukuta wa kabini, na fundi hana budi kufungua njia ya kuingizia hewa ili azifikie. Injini ya 3.0 inatumia mkanda wa taimingi unaohitaji kubadilishwa kila kilomita 100,000, wakati ile ya 2.4 inatumia mnyororo. Mimi ningechukua 2.4 bila kusita, nikijua pia udhaifu wake: zipo zinazokula oili kadiri zinavyozeeka. Vuta kijiti cha oili kabla hujavutiwa na viti vya ngozi.

Kizazi cha tatu, maarufu kwetu kama Anaconda, kilitoka mwaka 2013. Lexus RX ilikuwa imekwisha kujitenga na kuwa gari lake lenyewe tangu 2009, hivyo Harrier hii ilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani, usukani ukiwa kulia, na sisi tunaoendesha kushoto tukanufaika. Injini yake ya kawaida ina cc 1,986 na nguvu 151. Kwa mwendo haiwazidi wakubwa zake, lakini itazame kwa jicho la mtu wa forodha. Tanzania hutoza ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 lakini isiyozidi cc 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Ushuru huo unakokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru wa forodha, kisha VAT inatozwa juu ya vyote. Umri nao una ushuru wake, na ndiyo maana Tako la Nyani, rahisi likiwa Japani, hufika bandarini kwa bei ya kushtua. Kenya imelifungia mlango kabisa: gari lililozidi miaka minane haliingii.

Je, linafaa matope? Kiasi. Hata lile linalovuta kwa miguu yote minne halina gia nzito ya kujikwamulia, na tumbo lake halifiki sentimita 20 kutoka ardhini. Barabara ya changarawe inalifaa. Udongo mweusi wa masika haulifai, na anayeuza kwa kusema vinginevyo anakudanganya.

Linalonivutia zaidi ni Anaconda ya haibridi: injini ya lita 2.5 ikisaidiwa na mota ya umeme, jumla ya nguvu 197. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kuirudishia betri sehemu ya nishati ambayo gari la kawaida huipoteza kama joto. Kwa hiyo foleni ya simama-nenda, inayoyatesa magari mengine, ndipo hili linapookoa mafuta. Betri yenyewe iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa kwa hewa ya kabini inayovutwa kupitia tundu lililo karibu na kiti hicho. Tundu hilo likijaa vumbi, au abiria akiliziba kwa mizigo, betri huchemka na umri wake hupungua. Kusafisha chujio lake ni kazi ndogo sana gereji, na muuzaji ambaye hajui tundu lilipo hajawahi kulisafisha.