Umechoka na baridi ya Nairobi? Kabla ufunge virago uende Mombasa, soma hii

Julai ikifika Nairobi, kila msee huanza kuota Mombasa. Alfajiri ni nyuzi 12 hivi, jua linajificha siku nzima, na wewe umejifunika blanketi mbili ukijiuliza: kwani ni lazima nikae huku?

Nakuelewa. Tangu niache chuo kazi yangu ni ya mtandaoni, naweza kuifanyia popote. Kifua changu nacho hakipatani na baridi. Kwa hivyo katikati ya Machi nilipanda treni, nikaenda kukaa mwezi mzima kwa shangazi yangu Kisauni.

Tuanze na mazuri. Wiki moja tu, kikohozi kiliisha. Nguo unafua asubuhi, saa sita zimekauka. Mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni, na kuogelea baharini ni bure. Kwa pesa ninazolipia bedsita yangu Uthiru, kule nilionyeshwa keja ya chumba na sebule.

Sasa geuza ukurasa. Machi Mombasa joto hupita nyuzi 32, na kwa ule unyevu wa bahari unatoka kuoga ukianza kutokwa na jasho. Pangaboi inazunguka usiku kucha, tokeni za stima zinayeyuka. Stima zikipotea, hulali na hufanyi kazi. Maji ya mfereji yana siku zake, visima vingi ni vya chumvi, kwa hivyo utanunua mitungi kwa mkokoteni. Na usisahau chandarua. Nairobi iko juu na malaria huku ni nadra, lakini Pwani ipo.

Kubwa zaidi ni kazi. Desemba hoteli hujaa. Masika yakianza, wageni hupungua na vibarua huambiwa wakae nyumbani. Nikiwa huko, jirani mmoja anayehudumu hotelini alirudishwa hivyo, na ana watoto wawili. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, hapa usihesabu pesa ya Desemba. Hesabu ya Mei."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukienda Mombasa likizo ya Krismasi, hilo jembe hujalishika bado. Kwa hivyo nenda kati ya Machi na Mei, ukae mwezi, ulipe maji na tokeni mwenyewe. Kama riziki yako itategemea watalii, weka kwanza akiba ya kukuvusha masika.

Mimi je? Nimepiga hesabu na nahama Septemba. Kazi yangu haijali msimu, na kifua kimeshaamua. Kitu kimoja tu hakijaingia kwenye hesabu: mathe anabaki Kikuyu peke yake. Nimeweka kando nauli ya kuja kumwona kila mwisho wa mwezi. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko kwa shangazi kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi Julai.