Sunburst: Bendi ya roki iliyovuma Dar, sauti yake ikahifadhiwa ugenini

WAKAZI wa Kware, Kitengela na mji wa Kajiado huijua barabara ya Namanga kama njia ya malori, mifugo na abiria wa Arusha. Wachache hukumbuka kwamba katika miaka ya sitini na sabini barabara hiyo ilikuwa pia njia ya muziki.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi iliyotaka nyimbo zake zifike madukani ililazimika kutegemea studio na viwanda vya Nairobi.

Bendi moja ya Dar es Salaam, Sunburst, ilikwenda upande wa pili, hadi Zambia. Masaibu ya kazi yake yanaonyesha jinsi muziki wa taifa unavyoweza kusahaulika nyumbani na kuthaminiwa ng’ambo.

Sunburst iliasisiwa mwaka wa 1970. Mpiga gitaa wake mkuu alikuwa Hembi Flory Kongo, na mwimbaji alikuwa James Mpungo. Haikupiga rumba wala dansi la kawaida. Ilipiga roki, tena roki yenye gitaa linalokwaruza na mdundo wa ngoma za Kiafrika.

Muziki wa aina hiyo ulitoka mbali. Marekani, katika miaka ya sitini, vijana wasiokuwa na ukumbi walifanyia mazoezi katika gereji za wazazi wao. Magitaa, ngoma na sauti isiyopigwa msasa vilitosha, na ndipo likazuka jina la roki ya gereji.

Mizizi yake ni bluzi, muziki wa Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini kama vile Mississippi. Waliohamia Chicago kutafuta kazi walikwenda nao, wakautia gitaa la umeme. Vijana wa Uingereza nao wakauiga. The Rolling Stones, kundi lililoanzishwa London mwaka wa 1962, lilipata jina lake kutokana na wimbo wa Muddy Waters, gwiji wa bluzi ya Chicago.

Kwa hiyo kijana wa Dar es Salaam au Nairobi aliyesikiliza santuri za Jimi Hendrix alikuwa akisikia sauti yenye asili ya Afrika, iliyokwisha kuvuka bahari zaidi ya mara moja.

<b>Siasa na mitindo</b>

Hata hivyo, wakati haukuwa mwepesi. Tanzania ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha mwaka wa 1967, na miaka miwili baadaye Umoja wa Vijana wa TANU ukaendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Mwaka huo huo wa 1969, muziki wa souli ulipigwa marufuku mjini Dar es Salaam.

Bendi za vijana zilitakiwa kuthibitisha kwamba hazikuwa vibaraka wa utamaduni wa kigeni. Jibu la Sunburst lilikuwa kuchanganya: roki, midundo ya kienyeji, Kiswahili na Kiingereza. Mtindo huo waliuita Kitoto.

Kulikuwa pia na suala la vyombo. Katika muziki wa dansi, aliyemiliki magitaa na vipaza sauti ndiye aliyeimiliki bendi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka wa 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Jeshi na polisi nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki wa bendi hizo alipata mshahara na vyombo, ilhali vijana wa roki mara nyingi hawakuwa na mlezi wa aina hiyo.

Sunburst ilirekodi nyimbo katika Radio Tanzania mwaka wa 1973. Lakini kanda ya redio ni ya redio. Husikika inapopigwa hewani, kisha hurudi kabatini. Asiyekuwa na santuri hakuwa na kitu cha kuuza wala cha kuacha nyumbani.

<b>Safari ya Zambia</b>

Nchini Zambia, roki ilikuwa imeshika kasi. Bendi ya WITCH, ikiongozwa na mwimbaji Emanuel Chanda aliyejulikana kama Jagari, ilikuwa imefungua njia kwa wimbi lililokuja kuitwa Zamrock. Bei nzuri ya shaba ilikuwa imewapa vijana wa miji ya migodini fedha za kununua santuri, ijapokuwa kufikia katikati ya miaka ya sabini bei hiyo ilikuwa imeporomoka.

Ni huko Sunburst ilikotoa albamu yake, Ave Africa, mwaka wa 1976.

Mwaka uliofuata, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Namanga, lango la muziki na biashara, likawa ukuta. Bendi zilizotegemea viwanda vya Nairobi zilitengwa navyo.

Kwa takriban miaka arobaini, Ave Africa ilibaki jina la kunong’onezana miongoni mwa wakusanyaji wa santuri kuukuu. Mwaka wa 2016, kampuni ya Strut ya London iliitoa upya, pamoja na nyimbo nyingine ambazo bendi hiyo ilirekodi tangu mwaka wa 1973.

Hilo ni jambo la kushukuriwa, kwani bila ya wageni hao huenda sauti ya Sunburst ingepotea. Lakini pia ni jambo la kutafakari. Msikilizaji wa Ulaya aliweza kuinunua albamu hiyo dukani, huku vijana wengi wa Afrika Mashariki wakiamini kwamba roki ni muziki wa Wazungu usiowahusu.

Kanda za sumaku huoza. Wanamuziki huzeeka, na majina ya waliopiga besi au ngoma hufifia. Pasipo kumbukumbu za nani alirekodi nini, lini na kwa mkataba gani, hata haki ya malipo huwa vigumu kuidai nyimbo zinapouzwa upya.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Muziki nao ni mali.