Vita vya Ziwa Tanganyika na Michezo ya Zamu

Vijana wengi siku hizi hupigana vita katika kompyuta. Ipo michezo ya vita inayokwenda kwa zamu kama bao: mmoja anacheza, mwenzake anasubiri huku akipiga hesabu. Watungaji wake hupenda kutumia vita vilivyopiganwa kweli. Je, kazi hiyo hufanywaje? Mfano tunao hapa hapa ziwani.

Mwaka 1915 Wajerumani walilitawala Ziwa Tanganyika kwa meli tatu: Kingani, Hedwig von Wissmann na Graf von Götzen. Hii ya mwisho, yenye urefu wa mita 71, ilisafirishwa vipande vipande kutoka Ujerumani na kuungwa Kigoma. Waingereza walileta boti mbili za mita 12, Mimi na Toutou, kupitia Cape Town na milima ya Mitumba, Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 waliizamisha Hedwig.

Jambo la kwanza kwa mtungaji ni muda. Zamu moja ikiwa siku moja, mchezaji atachoka kusubiri, kwa kuwa boti zile zilikuwa njiani miezi kadhaa. Ikiwa mwezi mmoja, mapigano ya saa chache yatapotea. Basi hutunga sehemu mbili: safari kwa majuma, mapigano kwa dakika.

Pili ni siri. Götzen ilikuwa na mzinga mkubwa, na mkuu wa boti za Waingereza, Spicer-Simson, alikataa kuishambulia. Baadaye mzinga uliondolewa, ukawekwa wa mbao mahali pake. Mchezaji aliyesoma historia atashambulia bila woga, na hapo hakuna tena mchezo. Dawa yake ni kuficha: kompyuta ichague yenyewe, kila mchezo, kama mzinga ni wa chuma au wa mbao.

Tatu ni ushindi. Ukihesabu meli zilizozama tu, utadanganya. Kigoma ilianguka Julai 1916 kwa sababu majeshi ya Wabelgiji yalikuja kwa nchi kavu. Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe tarehe 26 Julai, mashine zikiwa zimepakwa grisi, wakaondoka. Kwa hiyo ramani yenye maji peke yake haitoshi.

La nne ndilo husahauliwa. Boti zile hazikupanda Mitumba zenyewe. Zilivutwa na matrekta ya mvuke, ng'ombe na mikono ya vibarua wa Kiafrika. Mchezo usiohesabu chakula, maji na uchovu wao utamfundisha mtoto kwamba vita ni makamanda na mizinga tu. Weka vibarua katika hesabu, na mchezaji ataona mwenyewe kwamba wakichoka, boti haisogei.

Götzen iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, ni Liemba iliyowabeba hadi Kigoma. Wenyeji wa mwambao huu wanaijua meli hiyo kwa abiria na mizigo yake. Vijana wetu wanaojifunza kompyuta wanaweza kuutunga mchezo huu wenyewe. Wakiwaachia wengine, wasishangae kukuta ramani ya ziwa lao haina watu.