Mwaka wa Kwanza wa Mche



Masika yanapoanza, watu wengi wa Kibaha na Kisarawe hushika majembe. Mmoja hupanda mchungwa nyuma ya nyumba, mwingine mfenesi, na mwingine huleta mwaridi autie karibu na baraza, ili wageni wake waone maua. Jambo hili ni jema, nasi twalisifu. Lakini mwezi wa Septemba ukifika, katika nyua zile zile twaona vijiti vikavu vimesimama mahali pa miche. Wenyewe husema, "Ardhi hii haifai," au, "Mkono wangu hauna bahati." Mara nyingi ardhi haina kosa, wala mkono hauna kosa. Mche umekufa kwa kiu, na kiu hiyo ingaliweza kujulikana tangu siku ya kupanda.

Yatupasa kwanza kuijua miezi yetu. Katika nchi yetu ya Pwani masika hunyesha tangu Machi hata Mei, na vuli tangu Oktoba hata Desemba. Tangu Juni hata Septemba mvua ni haba, na Januari na Februari jua ni kali sana. Mche uliopandwa Aprili una majuma machache tu ya kushusha mizizi yake kabla mvua haijakatika. Mti mkubwa hutafuta maji chini sana. Lakini mizizi ya mche haijapita bado kadiri ya kile kiriba ulichotoka. Kwa hiyo mwezi wa Mei majani huwa mabichi, na mwenyewe hudhani kwamba mche umekwisha kushika, naye huuacha. Hapo ndipo unapopotea.

Basi neno letu kubwa ni hili: hesabu maji kabla ya kuhesabu miche. Mche mmoja katika kiangazi chake cha kwanza wataka kiasi cha nusu debe la maji mara mbili kwa juma, yaani debe moja zima kila juma. Tangu Juni hata Septemba ni majuma 17 hivi. Mwenye miche 5 atahitaji madebe 85. Mwenye miche 20 atahitaji madebe 340. Nani atayachota? Katika nyumba nyingi ni mama na watoto. Baba anayerudi na miche 20 bila kuuliza maji yatatoka wapi amewatwika wengine mzigo, wala hakuwashauri. Afadhali miche 3 iishi kuliko 20 ife. Maji yaliyooshewa mchele na mboga yasimwagwe njiani. Yapelekwe kwenye mche. Lakini maji ya sabuni kali yasitumiwe.

Tena maji yapewe kwa akili. Wengine hunyunyiza kidogo kila jioni, wakaridhika wakiona udongo umebadilika rangi. Maji hayo hulowesha juu tu, na mizizi hupanda juu kuyafuata. Siku mbili za jua kali zikija, yote hukauka. Mwagia mengi kwa siku chache, polepole, mpaka yashuke chini, nayo mizizi itashuka kuyafuata. Ukitaka kujua kama wakati umefika, tia kidole udongoni hata pingili ya pili. Ukiona ubichi, ngoja. Ukiona ukavu, leta maji.

Katika udongo wa kichanga, ambao ni mwingi sana Kibaha, maji hupita upesi kama katika chujio. Huko yafaa kuchanganya samadi nyingi iliyooza. Katika miteremko ya vilima vya Kisarawe maji hukimbia bondeni kabla ya kuingia ardhini. Huko yafaa kuinua ukingo mdogo wa udongo upande wa chini wa mche, upate kuyazuia.

Katika kupanda, chimba shimo la sentimita 60 kila upande kwa mchungwa au mwembe, na 45 kwa mwaridi. Udongo wa juu uweke mbali na ule wa chini. Uchanganye na samadi, nao ndio utangulie kurudi shimoni. Kiriba kikatwe na kuondolewa chote, maana mzizi uliofungwa ndani yake huzunguka kama nyoka katika kikapu wala hauendi mbali. Mfenesi, hasa, hauvumilii kusumbuliwa mizizi yake. Udongo ulioushika usivunjike. Kisha tandaza nyasi kavu kuzunguka mche, unene wa kiganja, ukiacha nafasi ya vidole vinne kando ya shina lisije likaoza. Upande wa magharibi simamisha kuti la mnazi liwe kivuli cha alasiri. Mbuzi na kuku msiwasahau. Ua wa miti ni dawa yao. Wala msitie shimoni vipande vya miti wala samadi mbichi, kwa kuwa mchwa huvutwa navyo.

Mwaridi wahitaji neno lake peke yake. Watu wa pwani wamelijua waridi tangu zamani, kwa marashi yake na kwa vikuba vya akina mama. Lakini mawaridi makubwa yauzwayo mijini hulimwa katika nchi za juu, kama Arusha, au Naivasha katika Kenya, palipo kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, ambako usiku ni wa baridi. Kwetu usiku ni wa joto na hewa ina unyevu. Ua hufunguka upesi na kunyauka upesi, na majani hupatwa na madoa meusi. Si kwamba mwaridi hauwezi kukaa kwetu. Wakaa, ila wataka mahali penye jua la asubuhi na kivuli baada ya adhuhuri. Mwagia maji asubuhi, shinani, si juu ya majani. Jani lenye madoa liokotwe na kuchomwa moto. Vidukari vikija, ponda majani ya mwarobaini, yaloweke usiku kucha, chuja, unyunyize.

Miwaridi mingi, na michungwa vilevile, ni ya kubebeshwa. Chipukizi litokalo chini ya kiungo liondoeni mara moja, kwa kuwa hilo ni la mti mwingine, nalo litaunyang'anya wenu chakula. Tena katika miezi ya kwanza yatoeni matumba ya maua yangali madogo, na machungwa machanga kadhalika. Twajua ni vigumu kwa mtu kulikata ua alilolingojea. Lakini mche hauwezi kulisha ua na mzizi pamoja, na mwaka huu kazi yake ni mzizi.

Sasa neno kwa walimu. Bustani nyingi za shule hufa Juni, kwa kuwa mwezi huo shule hufungwa na mvua imekwisha katika majuma yale yale. Kabla ya kufunga, andikeni zamu za watoto wanaokaa karibu, kila mmoja na siku yake na mche wake, na mzazi wake ajue. Katika Kibaha kufundisha kilimo pamoja na masomo si jambo geni. Mwaka 1963 Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilipatana kujenga kituo chenye shule, huduma za afya, na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 kikakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, nacho leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Mtoto aliyeutunza mche mmoja hata vuli amejifunza hesabu, subira, na uaminifu.

Vuli ikinyesha, pumzikeni, lakini msisahau Januari na Februari. Masika ya pili yakija, punguzeni maji kidogo kidogo. Wazee husema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Basi kabla ya kwenda kununua miche, kaeni pamoja nyumbani, baba, mama na watoto, mhesabu madebe. Yakitosha miche miwili, nunueni miwili.