Nani Alipie Usomaji wa Tafiti?

Zamani mtoto wa Kayole au Dandora akifikishwa hospitalini anakohoa, na kifua kinaingia ndani kila anapovuta pumzi, jibu lilikuwa moja: alazwe, adungwe penisilini kila baada ya saa sita. Hiyo ni sindano ya usiku wa manane pia. Mama analala wodini, kibanda chake cha mboga kimefungwa, na wale wadogo wameachiwa jirani. Siku hizi mtoto kama huyo, ikiwa ananyonya vizuri na hana dalili mbaya zaidi, hupewa amoksilini ya kunywa akarudi zake nyumbani.

Mabadiliko hayo yalianzia kwenye makaratasi. Mwaka 2010 jopo la wataalamu liliketi kupitia miongozo ya Kenya ya kutibu nimonia kwa watoto. Mbele yao palikuwa na mapitio ya tafiti: majaribio yote yanayojibu swali moja yamesakwa, yamepimwa ubora na kujumlishwa pamoja. Dawa ya kunywa ilionekana kufaa sawa na sindano, ila ushahidi mwingi ulitoka nje ya Afrika. Jopo likashindwa kukubaliana. Baadaye jaribio likafanywa humu humu nchini, hospitali sita, watoto 527. Baada ya saa 48 tiba ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 7.7 ya waliokunywa amoksilini na 8.0 ya waliodungwa.

Wengi hulisifu jaribio. Mimi nayasifu mapitio, maana ndiyo yaliyoonyesha pengo liko wapi.

Kazi yenyewe inachosha. Watu wawili husoma mihtasari ileile, kila mmoja kivyake, maelfu kwa maelfu, kisha hulinganisha walichokubali na walichotupa. Wakivutana, wa tatu huamua. Anatakiwa pia anayejua kusaka kwenye hifadhidata, na wa takwimu. Ustadi huu haupatikani kwa semina ya siku mbili ya chai na posho.

Fedha za mafunzo hayo kwetu zimetoka sana Uingereza, na huko nako mfereji hufungwa. Machi 2023 NIHR, taasisi ya umma inayofadhili utafiti wa afya, ilisitisha fedha ilizokuwa ikivipa vikundi vya Cochrane nchini humo, mtandao wa mapitio ulioanzishwa 1993. Hapa Kenya, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inautengea Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa. Kinachotolewa hakijakaribia hapo. Hata kikipatikana kidogo, ningependa fungu moja liwe mishahara ya wasomaji hawa.

Na nimonia yenyewe haikai palepale. Chanjo ya nimokoka ilianza kutolewa Kenya mwaka 2011, ilhali majaribio mengi ya zamani yalihusu watoto wasiochanjwa. Suala la sindano au dawa ya kunywa litabidi lisomwe upya, na wa kulisoma wanapaswa kuwa wamefunzwa kabla jopo lijalo halijaitwa.