Usingizi mtamu wa kipupwe na alamu ya saa kumi

Ukienda maonyesho ya Sabasaba mwezi Julai, pale Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam, baada ya magharibi utakuta watu wamejifunga masweta na mitandio kana kwamba viwanja vimehamia Makambako. Kufikia alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 19 au 20. Mtu wa Njombe atacheka. Lakini mkazi wa Mbagala ametoka kwenye Februari ambayo usiku wake hukaa kwenye nyuzi 25, na tofauti hiyo huihisi zaidi akiwa kitandani.

Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili hushuka kwanza, kama nyuzi moja hivi. Mwili hulitolea kwenye ngozi, hasa ya viganja na nyayo, ambako mishipa ya damu hutanuka usiku unapoingia. Chumba cha bati lisilo na dari, lililochomwa na jua kutwa, hulikwamisha joto hilo. Ndiyo maana wakati wa kiangazi watu wa Tandale na Mtoni hugaragara hadi saa saba. Kusi ikianza kuvuma, bati lile lile hupoa mapema.

Mwaka 2015 Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao walichapisha utafiti wa usingizi katika jamii tatu zinazoishi bila umeme, mojawapo Wahadzabe wetu wa kando ya Ziwa Eyasi. Watu hawa hawalali jua likizama. Hukaa macho saa tatu na zaidi, hulala wakati ubaridi unaongezeka, na huamka karibu na kilele cha ubaridi huo. Kwa zile jamii nyingine mbili, Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, msimu wa baridi uliongeza karibu saa nzima ya usingizi. Dar es Salaam mchana wa Juni na wa Desemba hupishana kwa chini ya saa moja, hivyo giza halitusaidii sana. Tulichonacho ni ubaridi.

Na tunaupoteza. Anayetoka Chamazi au Bunju kwenda Kariakoo, alamu yake hulia saa kumi alfajiri ili awahi daladala kabla ya foleni. Kwa wengi, saa hizo joto la mwili liko chini kabisa, na jua la Julai halichomozi hadi kama saa kumi na mbili na nusu. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi, kwa hiyo huyu alipaswa kulala saa tatu usiku. Saa tatu! Tamthilia ndiyo kwanza imekolea, na mtaa wa pili kuna ngoma ya kigodoro. Kigodoro hukiwezi peke yako, ila kahawa ya kijiweni unaiweza: ukinywa saa mbili usiku, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini saa saba.

Mwenye miguu baridi avae soksi, au aoge maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala. Vyote viwili huifungua mishipa ya nyayo na joto la ndani likatoka. Wengi hudhani soksi ni mambo ya wazee.

Feni nayo ina jambo lake. Miezi ya joto upepo wake ulikuwa unafukuza mbu pia. Ikizimwa Juni, mbu wanarudi. Chandarua kilichokunjwa kishushwe.

Hatari kubwa zaidi iko kwa wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, kupika au kuota moto, kisha wakafunga madirisha. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haisikii. Jiko litoke nje hata kama makaa yanaonekana kufifia. Na mkiamka watu wawili watatu chumba kimoja, wote vichwa vinauma na kichefuchefu, tokeni nje kwanza, kisha hospitali.